Kabla ya kununua tromboni, tafuteni mwalimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na kamati za kwaya, wakuu wa shule na wanaoandaa harusi kuhusu ala za shaba za kupuliza, kama trumpeti na tromboni. Fedha nyingi huchangwa kwa ajili ya vyombo, na karibu hakuna inayotengwa kwa ajili ya mtu wa kuvifundisha. Matokeo yake yako kwenye stoo za sharika na shule zetu: masanduku yamepangwa vizuri ukutani, ukifungua moja unakuta tromboni imeng'ang'ania, haivutiki wala hairudi. Wakati huohuo wapigaji wazuri wa tromboni wasio na bendi ya kudumu wanaishi kwa harusi za Jumamosi, na Kwaresima ikiingia hawana kitu. Matatizo haya mawili dawa yake ni moja, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Nimeitaja tromboni makusudi, kwa sababu ndiyo inayoumia zaidi ikikosa mwalimu. Trumpeti ina valvu 3. Mtoto akibonyeza zinazotakiwa na midomo yake ikiwa na nguvu kidogo, noti itatoka karibu na mahali pake. Tromboni ya kawaida haina pa kubonyeza wala alama ya kusimamia. Ina nafasi 7 kwenye slaidi, lile bomba la kuvuta na kurudisha, kila moja ikishusha sauti nusu toni, na umbali kati ya nafasi na nafasi haulingani. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni kama sentimita 8. Kutoka ya sita kwenda ya saba ni karibu sentimita 11, kwa kuwa bomba likisharefuka, nusu toni inayofuata hudai urefu mkubwa kuliko iliyotangulia. Mtoto asiyeambiwa huchukua ile hatua ya kwanza na kuirudia. Akifika nafasi ya tano amebakiza kama sentimita 3 nzima, na sauti yake iko juu kwa kiasi ambacho hata asiye mwanamuziki anakisikia.

Halafu kuna noti ambazo hazikubali hata slaidi ikiwa pale kitabu kinaposema. D iliyo juu tu ya C ya katikati, ukiipuliza katika nafasi ya kwanza, hushuka kidogo. Ndiyo maana mpigaji aliyefundishwa hutuni ala yake huku slaidi ikiwa imeachwa wazi kama sentimita 1 kutoka mwisho, ili apate pa kuivuta ndani D hiyo inapokuja. A-flati iliyo juu ya hapo haifai kabisa katika nafasi ya kwanza. Hupigwa ya tatu. G ya jirani yake hupigwa katika nafasi ya pili, lakini slaidi ikiwa imeingizwa ndani kuliko kawaida. Haya hayapatikani kwa kutazama video mara moja. Yanataka mtu aliyekaa pembeni anayesema "ingiza kidogo, tena kidogo, hapo", wiki baada ya wiki, mpaka sikio la mwanafunzi lenyewe lianze kulalamika.

Watoto wetu wana faida moja kubwa ambayo walimu wengi hawaitumii. Wengi wametoka kwaya na wanasoma solfa kwa urahisi. Mwalimu mzuri huwaimbisha kwanza mstari mzima kwa d, r, m, kisha ndipo ala inyanyuliwe, kwa kuwa anayeweza kuimba noti ataipata kwenye slaidi upesi kuliko anayeitafuta kwa mkono. Ila lazima awaonyeshe mapema kwamba d huhama na nafasi nayo huhama. Wimbo ukiwa katika B-flati, d iko nafasi ya 1. Ukiwa katika E-flati, d ya kati iko ya 3. Ukiwa katika C, d ya chini iko nafasi ya 6. Mtoto asiyejua hilo atafundishwa nyimbo nne kwa kukariri mkono, na wa tano utakapobadilishwa ufunguo ili waimbaji wasikaze koo, atakwama mbele ya usharika wote.

Sasa nije kwa mpigaji mwenyewe, kwa sababu naye ana deni. Anayetaka simu yake iite mwaka mzima hawezi kusoma mfumo mmoja tu wa noti, na hapa ndipo wengi hukosa kazi bila kujua kwa nini. Afrika Mashariki ilipokea matarumbeta kwa njia zaidi ya moja. Walutheri wa Kilimanjaro na Wamoraviani wa nyanda za juu kusini walipata ala hizi kutoka kwa misheni za Kijerumani, na katika desturi ya Kijerumani noti huandikwa kama inavyosikika: kitabu kikisema B-flati, sauti inayotoka ni B-flati, hata kwa trumpeti. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilikuja na desturi ya Kiingereza. Humo karibu ala zote, tromboni ya sauti ya tena ikiwemo, husoma ufunguo wa juu (ufunguo hapa ni ile alama ya mwanzo wa mistari inayosema kila mstari ni noti gani), na kwa trumpeti na tromboni hiyo noti iliyoandikwa C hutoka ikiwa B-flati. Tromboni ya besi peke yake ndiyo husoma ufunguo wa besi kama inavyosikika.

Mchukue mpiga trumpeti aliyelelewa Nairobi katika bendi ya Jeshi la Wokovu, umweke katika kikundi cha usharika Moshi, mpe kitabu cha humo. Atapiga kwa ufasaha kabisa, toni moja chini ya wenzake, tangu mwanzo hadi mwisho. Mpiga tromboni akibadilisha upande anaumia zaidi, maana kwake noti ya Kiingereza imeandikwa oktava moja na toni moja juu ya sauti halisi. Lakini kuna njia ya mkato ambayo kila mpigaji wa kujitegemea anapaswa kuwa nayo mfukoni: karatasi ya tromboni iliyoandikwa kwa desturi ya Kiingereza isome kama vile ni ufunguo wa tena, kisha ongeza flati mbili, alama za kushusha noti nusu toni, kwenye ufunguo wa wimbo. Noti zote zitaangukia mahali pake. Anayejifunza hivyo hupata faida maradufu, kwa sababu ufunguo wa tena ndio unaotumika pia kwenye karatasi za okestra, na siku akiitwa kujaza pengo huko hatashtuka. Mwezi mmoja wa kusoma ukurasa mmoja kwa siku, polepole, unatosha kuuzoea.

Bendi za dansi ni habari nyingine. Kule karatasi ni adimu. Unaitwa mazoezini, unasikiliza mlio wa trumpeti mara mbili, unatafuta sauti ya tatu au ya tano chini yake na kuishika. Shida ya tromboni katika dansi ni gitaa. Wapiga magitaa hupenda D, G, A na E, funguo ambazo nyuzi zao huzitaka, na mpiga tromboni aliyelelewa kanisani amezoea flati. Tazama skeli (ngazi ya noti, d hadi d) ya A ya chini inavyokwenda kwenye slaidi: A iko nafasi ya 2, B inakurusha mpaka ya 7, C-shapu ya 5, D ya 4, E ya 2, F-shapu inarudi nje ya 5, G-shapu ya 3, A ya 2. Ule mruko wa kwanza, kutoka 2 hadi 7, ni nusu mita ya mkono ndani ya mapigo ya rumba. Asiyeufanyia mazoezi nyumbani ataipitia B kwa kuburuza, na kiongozi wa bendi ataisikia. Kwa hiyo skeli za D, A na E zipewe muda uleule unaopewa B-flati na E-flati, na ziendeshwe kwa metronomu, kile kipima mapigo, polepole, mkono ukifika kabla ya ulimi.

Ulimi wenyewe una siri yake. Tromboni haina valvu za kutenganisha noti zinazounganishwa, hivyo ukiacha pumzi iendelee tu huku slaidi inatembea, unapata mvuto wa king'ora. Dawa ni kugusa kwa "du" laini badala ya "tu", huku mkono ukihama haraka na dakika ya mwisho. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: mkono unatambaa kwa upole ili usikike laini, na ndio unaoharibu. Mkono uwe mwepesi, pumzi isikatike, ulimi uwe laini. Mwalimu asiyerekebisha hili katika miezi 6 ya kwanza atalirekebisha kwa miaka.

Kuhusu ala ya kununua, nitasema wazi ninavyoamini: anayeishi kwa kazi za kuitwaitwa anahitaji tromboni ya tena yenye valvu ya F. Valvu hiyo hubonyezwa kwa kidole gumba cha kushoto na kuongeza kama sentimita 90 za bomba. C iliyokuwa nafasi ya 6 inapatikana ya 1, na ile B ya nafasi ya 7 inapatikana nje kidogo ya nafasi ya 2; kwa hiyo skeli ya A niliyoitaja inaacha kuwa mateso. Kwa upana wa bomba, milimita 12.7 hutoa sauti kali inayopenya kwenye dansi na barabarani, milimita 13.9 hutoa sauti nene ya okestra na kanisani, lakini hula pumzi. Aliye na fedha ya chombo kimoja atafute cha kati, milimita 13.3. Awe makini na kidomo, kile kikombe cha chuma cha kupulizia. Vidomo vina shina la aina mbili kuu, dogo na kubwa. Shina dogo likiingizwa katika ala ya tundu kubwa hucheza na kuvuja hewa. Shina kubwa halifiki ndani ya tundu dogo. Wanaoagiza kidomo mtandaoni bila kupima hulijua hili mzigo ukishafika. Kwa anayeanza, vidomo vilivyoandikwa 12C au 6½AL vyenye shina dogo vinatosha miaka kadhaa.

Vyombo vya msaada kutoka Ulaya navyo vichunguzwe kabla ya kupigiwa makofi. Bendi za shaba za Uingereza, pamoja na Jeshi la Wokovu, zilitumia toni ya juu kuliko ya leo mpaka miaka ya 1960, karibu robo toni juu ya A ya 440. Ala ya zama hizo haitapatana na kinanda chochote cha kanisani. Kwenye tromboni dawa ni kuvuta ile slaidi ndogo ya kutunia karibu sentimita 4, lakini nyingi zina miguu mifupi zaidi ya hapo na zitachomoka. Pimeni kwa tyuna ya simu kabla ya kuandika barua ya shukrani, na kama haishuki, iwe ya mapambo.

Mnaponunua iliyotumika, kaeni na ala dakika 10 kabla ya kutoa hela. Fungueni kufuli ya slaidi, shikeni mabomba ya ndani yakiwa wima, na bomba la nje lichukuliwe na mkono mwingine na kuachiwa liteleze taratibu. Likishuka bila kukwaruza, vizuri. Likisimama mahali palepale kila mara, pana kibonyeo au bomba limepinda. Kisha piteni kidole nje ya mabomba mkitafuta vidoa vyekundu vya waridi vyenye kitone cheusi katikati. Hiyo ni shaba iliyoliwa kutoka ndani, zinki imeondoka, na hakuna fundi atakayeirudisha. Muda si mrefu patatoboka. Ukanda wa pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Visiwani, huharakisha ugonjwa huu kwa unyevu na chumvi, hasa ala ikifungiwa sandukuni ikiwa na mate ndani.

Utunzaji wenyewe hauna gharama kubwa, unataka adabu. Baada ya kupiga, toa maji yote kwa kufungua kitundu cha mwisho wa slaidi na kupuliza bila sauti. Chomoa slaidi ya nje, ifutie ndani kwa kitambaa cha pamba kilichozungushwa vizuri kwenye ufito, chuma kisibaki wazi hata kidogo. Futa mabomba ya ndani. Ukiyatazama kwa karibu utaona sentimita 10 au 12 za mwisho ni nene kidogo kuliko sehemu nyingine. Hapo tu ndipo panapogusana na bomba la nje, na hapo tu ndipo pa kupaka krimu ya slaidi, kiasi cha punje ya dengu kila upande, kisha unanyunyiza maji kwa chupa ndogo. Mafuta ya kupikia na vaselini ni sumu. Siku ya kwanza slaidi huteleza kama ndoto; wiki ya pili vumbi la Dodoma limeshajenga udongo humo ndani. Mara moja kwa mwezi ala ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, yasiwe ya moto, kwa kuwa ya moto hubandua vanishi.

Na tafadhali, tromboni isiegemezwe ukutani wala kulazwa kwenye kiti. Mabomba ya slaidi ni membamba sana na yanapaswa kubaki sambamba kabisa. Teke moja la mtoto anayepita linatosha. Ikiharibika, isipelekwe kwa fundi wa kuchomelea mageti. Viungo vya ala hizi vimeunganishwa kwa risasi laini inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 200 hivi. Moto wa gesi ya kuchomelea ni mkali mara nyingi zaidi ya hapo, unachoma vanishi, unalegeza viungo vya jirani na kupindisha bomba. Kidomo kikikwama, kisivutwe kwa koleo. Kuna kifaa maalumu cha kukitoa, na kila mwalimu wa ala za shaba anapaswa kuwa nacho mkobani.

Sasa fedha. Kalenda ya mpigaji wa kujitegemea hapa kwetu inajulikana: Desemba imejaa harusi, sendofu na sherehe za kumaliza mwaka, Kwaresima na Ramadhani harusi hukauka, misiba na sikukuu za kanisa huja zinavyokuja. Anayetegemea kuitwa deiwaka peke yake ana miezi minne ya njaa. Kazi inayoziba pengo hilo ni kufundisha, kwa kuwa shule hazifungwi kwa sababu ya Kwaresima. Ila kufundisha nako kunalipwa vibaya pale malipo yanapohesabiwa kwa kipindi.

Chukueni mfano wa hesabu. Shule inamlipa mwalimu shilingi 40,000 kwa kipindi cha saa moja, kimoja kila wiki, muhula una wiki 18. Kwenye karatasi ni 720,000. Kisha kuna wiki ya mitihani, michezo, mahafali, mkutano wa wazazi na mvua iliyofunga barabara. Vipindi 5 vimeondoka, naye alikuwa ameikataa kazi nyingine kwa ajili ya kila kimoja. Anabaki na 520,000, na kila kipindi kimemla saa 3 ukiweka foleni ya kwenda na kurudi. Mwaka unaofuata haonekani, shule inasema walimu wa muziki si wa kutegemewa, vyombo vinarudi stoo. Mkataba wa muhula mzima, nusu ikilipwa wiki ya kwanza na nusu katikati, unaondoa tatizo lote. Shule ikivunja kipindi, kimelipwa. Mwalimu akivunja, anakirudisha ndani ya wiki mbili.

Kwa kazi za harusi, makubaliano yaandikwe hata kama ni kwa ujumbe wa simu: saa ya kufika, saa ya kumaliza, malipo ya kila saa inayozidi, usafiri, chakula, nusu ya fedha kabla ya siku yenyewe, na kiasi gani hakirudi harusi ikiahirishwa ndani ya siku 7. Kamati nyingi husahau kwamba msafara wa harusi kwenye pikapu ni kazi ya hatari kwa mpiga tromboni. Slaidi inataka zaidi ya nusu mita wazi mbele yake, kwa hiyo akae nyuma kabisa au pembeni, na gari likiingia barabara ya mashimo aruhusiwe kushusha ala. Kidomo kikigonga meno ya mbele, kazi yake imekwisha kwa miezi, pengine kwa jumla. Dereva aambiwe hivyo kabla ya kuwasha gari. Na saa 4 mfululizo bila kupumzika hazipigiki. Midomo ni misuli, ikichoka mpigaji huanza kukandamiza kidomo ili noti za juu zitoke, damu inashindwa kupita, mdomo unavimba na sauti inakufa. Kwa kila dakika 40 za kupiga, 15 za kupumzika ni haki ya kazi.

Masuala ya kodi na haki nayapitia haraka. Tanzania, taasisi inayomlipa mkazi kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Mpigaji awe na TIN, namba ya mlipakodi, na adai hati ya makato, maana fedha hiyo huhesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka. Akiitwa studio, iandikwe kama malipo yale ni ya siku ile tu au yanafuta na hakishiriki yake (haki juu ya alichokipiga kwenye rekodi) kama mtumbuizaji, ambayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua. Anayesaini asichokisoma hana wa kumlilia.

Narudi kwa wanafunzi, kwa kuwa ndio hasa wanaonifanya niandike. Msimwanzishe mtoto kabla meno ya mbele ya utu uzima hayajatoka na kukaa. Kwa wengi ni miaka 8 au 9. Mkono wake pengine hautafika nafasi ya 6 na 7, na hilo halina ubaya: aanze na nyimbo zinazoishia nafasi ya 4. Tromboni za plastiki ni nyepesi, hazipati vibonyeo kirahisi na zinafaa kabisa kwa mwaka wa kwanza, mradi slaidi yake ifutwe kama ya shaba. Darasa la kikundi lisizidi watoto 6. Dakika 15 kila siku nyumbani zinazidi saa 2 za Jumamosi, kwa sababu misuli ya midomo hujengwa kidogokidogo na hubomolewa kwa pupa. Kila mtoto awe na kidomo chake mwenyewe. Kushirikiana vidomo darasani ni uzembe usio na udhuru. Vidomo 6 ni gharama ndogo kuliko ala moja, na vioshwe kwa sabuni na maji baada ya kila kipindi. Mwalimu naye alinde masikio yake. Kelele ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8, lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, na chumba kidogo chenye tromboni 6 hupita hapo bila shida.

Kwa wanaotaka kufika mbali, mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina ngazi 8 kwa tromboni, na tangu 2020 kuna mtihani wa utumbuizaji unaorekodiwa kwa video, hivyo mwanafunzi wa Bukoba hana haja ya kusafiri hadi jiji kubwa kwa kila ngazi. Akumbuke tu kwamba ngazi ya 6 kwenda juu hudai awe amefaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake, na nadharia hiyo haisomwi wiki mbili za mwisho. Pale Korogocho, Nairobi, mradi wa muziki wa Ghetto Classics umeonyesha tangu 2008 kwamba watoto wa mtaa wenye kipato cha chini wanafika okestra wakiwa na walimu wanaorudi kila wiki. Shirika la Brass for Africa kule Kampala nao wamejenga bendi kwa msingi huohuo, na wengi waliokuwa wanafunzi sasa ndio walimu wanaolipwa.

Kwa hiyo kamati yenye shilingi milioni 10 isinunue ala 10 za bei ya chini. Kwa hesabu ile ya 40,000, mwalimu wa mihula minne, yaani miaka 2, ni 2,880,000, chini ya theluthi ya fedha zote. Zinazobaki zinunue ala chache zilizo nzima, vidomo vya kila mtoto, krimu, vitambaa na akiba ya matengenezo. Na mwalimu apatikane kabla ya ankara ya vyombo, ili avichague yeye.

Mkiuliza mtamjuaje mwalimu huyo, wapo wastaafu wa bendi za Polisi, Magereza na Jeshi, wapo vijana waliolelewa sharikani na katika dansi. Mwiteni, mlipeni nauli, mjaribuni kwa mambo matatu. Apige skeli ya A polepole huku kinanda kikishikilia A, msikilize ile B na C-shapu. Mpeni karatasi iliyoandikwa kwa desturi ya Kiingereza aisome pamoja na kwaya bila kuiandika upya. Mwisho mpeni tromboni iliyoganda ya kutoka stoo yenu, na mtazame mikono yake. Akitafuta kwanza kitambaa na ufito, akafuta ndani mpaka kitambaa kitoke cheupe, ndipo apake kitu, mwandikieni mkataba siku hiyohiyo. Akianza kwa kumimina mafuta juu ya uchafu, muageni kwa heshima na mwendelee kutafuta.

Mwalimu wa ala za kupuliza,
Moshi